Mjomba Hayumo Kwenye Orodha

Kilichomkera Matano zaidi kuhusu meneja mpya ni kwamba mtu yule alikuwa hodari. Angekuwa mlevi au mvivu, mambo yangekuwa mepesi. Watu wangemcheka jikoni, kisha wangeendelea na kazi zao. Lakini Bwana Rennick aliamka kabla ya wapishi, alijua bei ya kila yai, na shati lake halikuwa na kunyanzi hata saa nane mchana, mwezi wa Februari, joto la Diani likiwa limewashinda mpaka kunguru. Aliletwa mwaka wa hamsini na tatu na kampuni ya Nairobi iliyoinunua hoteli kwa Bi Pendle. Tangu siku ya kwanza alikuwa na jibu la kila jambo, yakiwemo yale ambayo hakuna aliyemwuliza.

Matano alikuwa msimamizi wa watumishi wote, watu arobaini, kuanzia wapishi na waandishi wa meza waliowahudumia wageni hadi madobi na wakata majani. Alikuwa Mdigo wa Bodo, mwenye miaka arobaini na kitu, mrefu, msafi, mwenye sauti ya chini. Bi Pendle naye alikuwa Mwingereza, na tusimpake utakatifu asiokuwa nao. Alikuwa mchoyo wa sukari na mdomo wake ulikuwa wembe. Lakini alikuwa na akili moja kubwa: alimwachia Matano watu.

Na Matano aliwaongoza watu wale kwa salamu. Kila asubuhi alizunguka jikoni, akapita kwa madobi, akamalizia bustanini, akimwuliza kila mmoja ameamkaje, watoto wameamkaje, na yule mgonjwa wa jana je, amepata nafuu? Hakuwa akipiga soga. Alipomaliza mzunguko alikuwa anajua nani hakulala kwa homa ya mtoto, nani mkewe amepelekwa hospitali ya Msambweni kujifungua, na nani amegombana na nani. Huyu akamwondoa mezani akampeleka stoo, yule akampunguzia vyumba, na kazi ikaenda bila mtu kuomba wala kulalamika. Wageni waliona nyuso za tabasamu, wakadhani watu wa pwani wamezaliwa hivyo.

Rennick alimfuata siku mbili akiwa na saa mkononi.

"Dakika ishirini na tano," akamwambia. "Kila siku. Ya maneno tu! Hapana, Matano. Salamu baada ya kazi."

Badala yake akaanzisha paredi. Kila siku saa moja na nusu watu wote walijipanga nyuma ya jiko, wakaonyesha kucha, wakasomewa amri za siku ile. Mwisho Rennick aliuliza, "Iko swali?" Hakuna aliyejibu, naye akaridhika kwamba wote wamekubali. Kwa Matano ilikuwa kama kumtazama mtu akisoma kitabu alichokishika juu chini. Alikolelewa yeye, mkubwa hasahihishwi mbele ya watu wake. Unamwendea baadaye, peke yake, mnakaa, mnajuliana hali, ndipo unaliweka neno lako. Lakini Rennick alikuwa na saa yake ya kuonana na watumishi, Jumanne, saa tano hadi saa tano na nusu, na ukiingia akikuona unaanza na habari za nyumbani anaitazama saa ya ukutani. Mara mbili Matano alitoka ofisini mle na neno lake kooni.

Kisha likaja jambo la mama.

Mgeni mmoja, mama mzee wa Kizungu, alimwambia Matano mezani kwamba amemhurumia sana Bwana Rennick, kufiwa na mama yake na kushindwa hata kwenda kumzika. Matano nusura aangushe birika. Lini? Wiki tatu zilizopita! Barua ilikuja, meneja akaisoma, akaitia mfukoni, akaenda kukagua vyoo. Wiki tatu mtu anatembea na msiba kifuani, na watu arobaini wanampita na sinia bila kumwambia hata pole. Jikoni walipoelezwa walishika vichwa. Tsuma, mpishi mkuu, Mgiriama mwenye kifua kama pipa, alikaa juu ya gunia la viazi akasema, "Atatuonaje? Atasema sisi ni wanyama."

Wakachanga ubani, fedha za kumpa mfiwa. Wakaongeza kuku wawili na pishi tatu za mchele. Jumapili baada ya swala ya Alasiri wakaenda nyumbani kwa meneja, wanaume mbele kwa kanzu na kofia, wanawake nyuma wamejitanda kanga, polepole, kimya kabisa, kama waendavyo watu wenye adabu kwenye nyumba ya msiba.

Sasa uyatazame hayo kwa macho ya Rennick. Bara kuna Hali ya Hatari, magazeti yamejaa Mau Mau na Wazungu waliokatwa mapanga vibarazani mwao, na hapa wanakuja Waafrika thelathini, kimya, hawacheki, moja kwa moja hadi kwenye ngazi zake. Alitoka na bastola. Mwanaima, mshonaji wa mashuka, mwanamke aliyekuwa anakaribia miaka sitini, alilala kifudifudi mchangani akiwa bado amemkumbatia kuku.

"Bwana," Matano akasema, mikono juu, "tumekuja kukupa pole. Tumesikia umefiwa na mama."

Uso wa Rennick uligeuka mwekundu, halafu mweupe. Aliishusha bastola. Mtu mwingine angecheka, au angelia, na yote yangeisha palepale. Yeye alisema, "Nani alisema nyinyi? Mama yangu hapana kazi yenu." Akaingia ndani akafunga mlango, na wale kuku wakarudi walikotoka.

Kesho yake kwenye paredi alisoma amri mbili mpya. Ya kwanza, watu zaidi ya wawili wasifike nyumbani kwake. Ya pili ilihusu mazishi. Ameona kwenye daftari kwamba watu wa hoteli hii wanazika kila wiki, leo shangazi, kesho jirani. Sasa basi! Ruhusa ya mazishi ni kwa baba, mama, mke na mtoto. Wengine hapana. Matano ndiye aliyeisoma amri ile kwa Kiswahili fasaha, na alipofika mwisho wa orodha aliirudia kwa macho, kwa sababu alikuwa anamtafuta mjomba na mjomba hayumo.

Kwa Wadigo mjomba si ndugu wa kutajwa pembeni. Ndugu wa mama ndiye mlezi, na mtoto wa dada ndiye mtu wake. Mjomba wake Matano aliitwa Boga, mkata boriti katika mikoko ya Bodo, na hakujaliwa mtoto wa kiume wala mpwa mwingine wa kiume. Yeye ndiye aliyempeleka Matano chuoni kusoma Kurani, yeye ndiye aliyemtolea mahari, yeye ndiye aliyemleta kwa Bi Pendle na kusema, "Mwanangu huyu, mfunze." Siku ya kufa kwake mahali pa Matano palikuwa panajulikana na kijiji kizima: ndani ya kaburi, upande wa kichwa, akiupokea mwili. Na kabla ya hapo, kusimama mbele ya watu na kumwombea marehemu radhi.

"Iko swali?" Rennick akauliza.

Matano akanyamaza. Atamwendea peke yake, alijiambia, Jumanne. Jumanne ikaja na wageni wengi, na Jumanne iliyofuata akaona haya kuanza.

Basi Mjomba Boga akafa siku ya Alhamisi, siku wakurugenzi saba wa kampuni na wake zao walipokuwa wamekuja kuikagua hoteli. Habari ililetwa na Jumbe, jirani wa Bodo, aliyepanda lori la samaki alfajiri. Walionana nyuma ya stoo ya kuni.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Mjomba wako ametutoka. Usiku, saa tisa, akiwa anatawadha."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

"Tunamzika baada ya Alasiri. Lori linarudi saa nne. Twende zetu."

Matano alimwambia amngoje, akaenda kugonga mlango wa ofisi ingawa haikuwa Jumanne.

Rennick alikuwa anapanga majina ya wakurugenzi mezani. Alisikiliza akiwa amesimama. Hakuwa mkatili, hilo ndilo lililomchoma Matano baadaye kila alipokumbuka. Alimwonea huruma kweli.

"Pole, Matano. Lakini mjomba hapana baba. Mimi iko na mjomba nne. Moja mimi hapana jua iko hai ama imekufa." Akamwonyesha ile karatasi ukutani. "Wewe nasoma hii mbele ya watu. Wewe hapana sema kitu. Sasa leo, leo! Wewe nakwenda, chakula ya mchana nani taangalia? Tsuma? Wote tachanganyikiwa." Akashusha sauti. "Leo wakurugenzi nataka kuona wewe. Meneja msaidizi. Mwafrika ya kwanza. Mimi nasema kwao: huyu mtu yangu. Ngoja chakula kwisha, saa nane. Gari yangu tapeleka wewe."

Matano alihesabu. Saa nane kutoka Diani, saa kumi Bodo. Itawezekana. Na tusimfiche: neno meneja msaidizi lilimwingia, likakaa, likajinyoosha. Miaka kumi na saba ya kubeba hoteli ile mgongoni, na leo mtu analitaja jina la mzigo wenyewe.

"Ndiyo, bwana," akasema.

Jumbe, alipoambiwa atangulie, alipanda lori, akaenda.

Kisha Matano akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Aliingia jikoni asimwambie mtu. Aliwajua watu wake. Angetamka tu "nimefiwa," Tsuma angeweka mwiko chini, Mwanaima angeanza kulia, madobi wangetoka na mikono yenye sabuni, na kamba mawe wa wakurugenzi wangebaki kwenye maji baridi. Kwa hiyo aliufunga msiba kifuani na vifungo vya koti jeupe, akasimamia meza. Ni yeye mwenyewe aliyemtilia mwenyekiti supu.

Saa nane wakurugenzi hawakuinuka. Waliagiza kahawa. Saa tisa wakaagiza tena, mmoja wao akaanza kusimulia alivyompiga risasi nyati, na kila Matano alipoutazama mlango Rennick alimpa ishara ya kiganja: bado. Saa tisa na nusu wakamwita, wakampa mkono mmoja mmoja, wakamwuliza ana watoto wangapi. Alijibu kwa adabu, huku moyoni anawatukana matusi ambayo hakujua kuwa anayajua. Gari liliondoka saa kumi na robo.

Alifika Bodo jua likizama. Watu walikuwa wamekwisha rudi kutoka makaburini, wamekaa mikekani, na alipotoa salamu waliitikia, wakainamisha macho. Dada yake Mbeyu alimwita uani.

"Walikungoja, Matano. Wakaswali, wakangoja tena. Shehe akauliza, nani anamsimamia marehemu? Ikanibidi nitume neno kwa wanaume kwamba uko kazini."

"Mbeyu..."

"Nyamaza kwanza. Unajua nani alipokea kichwa? Watu wa Bodo wote waliona haya kusimama mahali pako. Kila mmoja anamsukuma mwenzake. Mwisho akaingia mchuuzi mmoja wa Majoreni, alikuja kununua samaki, hajui nani ni nani. Mjomba amepokewa na mtu asiyelijua jina lake. Na radhi hakumwombea mtu."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimtengea wali, naye hakuula, na alipotaka kukunja kanzu akae na wanaume matangani, dada yake akamwambia, "Wewe kesho si wanakungoja? Nenda. Usije ukachelewa."

Alfajiri akapanda lori la samaki. Njia nzima hasira ilikuwa inamtafuna, na haikuwa na adabu, haikuchagua wa kumtafuna. Ilimtafuna Rennick na orodha yake. Ikaja kwa wale wakurugenzi na nyati wao. Ikamrudia yeye, na kwake ilikaa zaidi, kwa sababu Rennick alifanya alivyolelewa. Kwao mtu huufungia msiba mfukoni akaenda kukagua vyoo, na wenzake humheshimu kwa hilo. Matano alilelewa vipi? Nani alimfunza kufungia maiti ndani ya koti?

Aliikuta paredi imekwisha jipanga. Juu barazani wakurugenzi walikuwa wanangojea kifunguakinywa, wameegemea ukuta, wanatazama chini. Rennick alimwita mbele, akamshika bega. Hakuwahi kumgusa kabla ya siku ile.

"Watu wote sikia. Jana mjomba ya Matano nakufa. Matano najua asubuhi. Lakini yeye nafanya kazi mpaka kwisha, hapana makosa hata moja, hapana sema kwa mtu. Hii ndiyo mtu! Nyinyi wote fanya kama Matano." Akampa daftari la ruhusa, lile la jalada la kijani, mbele ya watu wote. "Tangu leo yeye meneja msaidizi. Mtu nataka ruhusa, naomba kwake. Iko swali?"

Matano hakuweza kuinua macho. Alisikia mtu akivuta pumzi, akajua ni Mwanaima.

"Mimi ninalo," akasema Tsuma.

Hapajawahi kuwa na swali kwenye paredi ile. Tsuma alitoka mstarini na aproni yake, akaja hadi mbele ya Matano, na hakumtazama Rennick kabisa.

"Jana ulinijia mara tatu jikoni," akasema. "Mara tatu. Ukaniuliza mchuzi. Tungekwambia nenda, Matano. Wale kamba tungewapika bila wewe, meza tungezipanga bila wewe, miaka yote hii ulikuwa unatufunza nini? Ulitufanya sisi ni watu gani, tunaimba jikoni na wewe una maiti?"

Ilikuwa kweli tupu. Rennick alimwambia kwamba watachanganyikiwa, naye akaamini. Hakuwauliza. Yeye aliyeijua kazi ya watu wale kuliko Mzungu yeyote, alimwuliza Mzungu.

"Naomba ruhusa," Tsuma akasema.

"Ya nini?" Rennick akadakia. "Nani nakufa?"

"Mjomba wa Matano."

"Hiyo mjomba yake! Hapana yako!"

"Sikumwomba wewe, bwana. Umesema tuombe kwake." Akamgeukia Matano tena, na jicho lake halikuwa na huruma. "Wala siombi kwa ajili yako. Wewe leo sina la kukwambia. Naomba kwa ajili ya marehemu, apate watu."

Mwanaima akaja akasimama nyuma ya Tsuma. Kisha madobi wawili. Kisha waandishi wa meza, mmoja baada ya mwingine, mpaka mstari wa paredi ukawa mstari mwingine, unaomwelekea Matano. Barazani mkurugenzi mmoja aliuliza kwa sauti chai iko wapi.

"Matano," Rennick akasema polepole, "wewe iko na orodha. Wewe najua orodha."

Matano alilifungua daftari kwenye ukurasa mpya. Kwa hasira kalamu ikatoboa karatasi. Akaandika jina la Tsuma, na mbele yake, penye sababu, akaandika mjomba. Akaandika la Mwanaima, mjomba. Akaendelea hivyo kurasa mbili, mpaka wakaisha wote. Mwisho akaandika jina lake.

"Kama wao nakwenda, wote kwisha kazi," Rennick akasema. Sauti ilikuwa ileile ya kibarazani siku ya bastola. "Na wewe kwanza!"

"Bwana," Matano akasema, na mara hii hakungoja Jumanne wala hakushusha sauti, "usinisifu tena mbele ya watu. Ulichokisifu ni aibu yangu. Nimemwacha mzazi wangu azikwe na mpita njia ili niwatilie supu wageni wako, na wewe unawaambia watu hawa wafanye kama mimi! Wewe ulipofiwa tulikuja kwako thelathini. Hukutaka. Haya, ni desturi yenu, sikukulaumu. Lakini usitufundishe sisi kufiwa."

Akamrudishia daftari mkononi. Rennick alilipokea, na inawezekana kabisa kwamba mpaka leo hajaelewa ameudhi watu kwa jambo gani.

Wakatoka kwa lango la nyuma kuelekea barabara ya Msambweni kungoja lori. Hakuna aliyemsogelea Matano, na yeye hakuona kama anastahili kusogelewa. Alitembea nyuma yao wote, akizitazama aproni na kanga zikienda mbele yake. Kazi imekwenda, na mjomba amekwisha funikwa, na hata watu hawa wote wakifika leo, mahali pake kaburini palisimama mtu mwingine.

Walipokaribia barabara Mwanaima alisimama, akageuka, akangoja mpaka akamfikia. Macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Pita mbele," akamwambia. "Mfiwa hatembei nyuma ya watu."

Wakampisha njia. Akapita katikati yao mmoja mmoja, uso unamwaka, maana angependa zaidi wamtukane.